Bibi Osa na Picha Zilizokwenda Kansas

Mtu akiteremka kutoka Ijuganyondo kwenda ufukweni Bukoba, huiona Musira imelala mbele yake juu ya maji. Nyuma ya Musira ni ziwa tupu, na ng'ambo ya ziwa hilo, upande wa mashariki, ndiko ziliko mbuga za Serengeti. Ni maji tu yaliyo baina yetu na simba wale. Hata hivyo, zaidi ya miaka tisini iliyopita, watu wa New York na Chicago walilipa viingilio vyao, wakaketi vitini gizani, wakawatazama simba hao wakinyoosha miguu kivulini. Na sisi majirani, ambao maji yao ndiyo maji yetu, hatukuwatazama. Aliyewafikisha huko, pamoja na mumewe, alikuwa bibi mmoja mfupi wa umbo na mwepesi wa bunduki, aliyeitwa Osa Johnson. Leo tunaomba radhi ya msomaji tuziache kidogo habari za bei ya kahawa na za vyombo vya majini, tumweleze habari za bibi huyu, kwa kuwa zinawagusa watu wa visiwani, na zinawagusa pia wale walio maofisini.

Alizaliwa tarehe 14 Machi, 1894, katika mji mdogo wa Chanute, jimbo la Kansas, Marekani, akapewa jina la Osa Helen Leighty. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Kansas ni nchi ya tambarare na ngano, haina bahari wala ziwa la kutajika, na binti wa mfanyakazi wa reli wa siku zile alitazamiwa kuolewa karibu na kwao na kuzikwa karibu na kwao. Kuzikwa kwao alizikwa, kama tutakavyoona. Lakini katikati ya hayo mawili alikwenda mbali kuliko watu wote wa mji ule.

Sababu ya safari zake ilikuwa kijana mmoja aliyeitwa Martin Johnson, mwenye umri wa miaka kumi zaidi yake, mtoto wa mwenye duka la saa na vito katika mji jirani wa Independence. Martin alikuwa amekwisha kusafiri baharini kama mpishi katika jahazi la mwandishi mashuhuri Jack London, safari iliyoanza mwaka 1907 na kufika hata visiwa vya Solomon. Aliporudi nyumbani alifungua ukumbi mdogo, akawa akiwaonyesha watu picha za safari ile. Osa alimjua hapo. Walioana mwezi Mei, 1910, pasipo ruhusa ya wazee, binti akiwa na miaka kumi na sita tu. Wazee wa kwetu wangesema ametoroshwa, na wazee wa Kansas nao walisema hivyo hivyo.

Miaka saba iliyofuata waliipitisha jukwaani. Walizunguka miji ya Marekani kwa treni wakiwa na masanduku yao. Martin akieleza picha zake za visiwa, na Osa akivaa mavazi ya Hawaii na kuimba nyimbo za huko, yeye ambaye hajapata kuiona Hawaii. Tunaitaja kazi hii ya jukwaani kwa kuwa ndiyo iliyokuwa shule yake. Alijifunza kusimama mbele ya watu wasiomjua, kuwapendeza, na kuyafanya yaliyo mbali yaonekane karibu. Alikuwa mwigizaji kabla kamera haijamwona.

Mwaka 1917 walikwenda wenyewe katika visiwa vya Pasifiki ya Kusini. Walifika Solomon, kisha wakafika New Hebrides, nchi ambayo tangu ilipojipatia uhuru mwaka 1980 huitwa Vanuatu. Katika kisiwa cha Malekula walipanda mlimani kumtafuta mkuu wa watu wa Big Nambas, Nihapat, ambaye wao walimwandika Nagapate. Mkuu huyo hakupata kumwona mwanamke mweupe karibu namna ile. Alimshika mkono, akaichunguza ngozi yake na nywele zake, na wageni wakaona kwamba kuondoka hakutakuwa rahisi kama kuja. Kilichowaokoa ni meli ya doria ya Waingereza iliyotokea katika ghuba chini yao. Walikimbia mpaka pwani, na picha walizokuwa wamekwisha kupiga walizo nazo mkononi.

Filamu iliyotokana na mkasa huo ilitolewa mwaka 1918, ikawapatia jina. Ilitangazwa kuwa ni habari za visiwa vya wala watu, kwa maana neno hilo liliuza tiketi. Watu wa visiwani wataelewa tunasema nini. Mgeni akifika kisiwani hutaka akute ajabu. Asipoikuta, huibeba kutoka kwao. Mpaka hapo bibi na bwana Johnson hawakuwa na tofauti na wageni wengine.

Lakini mwaka 1919 walirudi Malekula, safari hii wakiwa na walinzi wenye silaha, na wakafanya jambo ambalo katika maisha yao yote ya sinema hatuoni jingine la kulishinda. Walichukua ile filamu na mtambo wa kuionyeshea, wakatundika kitambaa usiku, wakawakaribisha Nihapat na watu wake wakae wajitazame. Kwa masimulizi ya Martin, watu wale walikaa kimya kwanza, hata zilipotokea sura zao wenyewe. Hapo kila mmoja akawa akipiga kelele kulitaja jina la yule aliyetokea. Kisha ikatokea sura ya mwenzao aliyekuwa amekwisha kufa katika muda ule wa miaka miwili. Alikuwa anatembea. Na watu wote wakaingiwa na hofu na heshima kwa pamoja.

Wengi wetu wa umri huu tuliianza sinema kwa gari la serikali, kitambaa kimefungwa baina ya miti miwili, na injini ikinguruma nyuma ya migomba. Tunakumbuka jinsi watoto walivyozunguka nyuma ya kitambaa kumtafuta mtu aliyepotea upande ule. Lakini katika sinema zile hatukumwona marehemu wa kwetu hata mmoja. Watu wa Malekula walimwona wao. Ndiyo sababu usiku ule wa 1919 tunauweka mbele ya mambo mengine yote tutakayoyasimulia.

Baada ya Pasifiki walikwenda Borneo ya Kaskazini mwaka 1920, na mwaka 1921 wakafika Mombasa na Nairobi. Hapo ndipo Osa alipoipata sehemu yake hasa katika mchezo. Katika picha za kimya mwigizaji hana ulimi. Uso, mikono na mwendo wake ndivyo vinavyosema, na maandishi yanayopita kitambaani husaidia kidogo. Osa alikuwa na uso uliosomeka upesi. Akiwa amevaa suruali ya kaki na kofia pana, amesimama hatua chache kutoka kwa tembo, mtazamaji wa Ohio aliyaelewa yote bila kuambiwa: hatari hii hapa, na mwanamke huyu haiogopi. Hakuwa akiigiza mtu mwingine. Aliigiza Osa Johnson, na kwa miaka thelathini na zaidi hakuiacha sehemu hiyo.

Kazi waligawana hivi: Martin alisimama nyuma ya kamera akizungusha mpini wake kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko, bila kuharakisha wala kuchelewa, kwa maana mkono ukitetemeka picha huharibika, naye Osa alisimama kando na bunduki iliyojaa risasi. Mwenye kuzungusha mpini hawezi kukimbia wala kujitetea. Uhai wa bwana ulikuwa katika kidole cha bibi. Hilo halikuwa igizo, na hata wale wasiompenda wamekiri kuwa alikuwa mpigaji shabaha hodari. Lakini ni lazima tuseme pia kwamba katika sinema walizozitengeneza, mnyama aliyeshambulia siku moja na risasi iliyopigwa siku nyingine huweza kuunganishwa vikawa tukio moja. Mkasi wa mtengenezaji filamu una uwezo mkubwa kuliko bunduki.

Toka mwaka 1924 mpaka 1927 waliishi Marsabit, kaskazini ya Kenya, kando ya ziwa dogo lililomo katika shimo la volkano ya kale, katikati ya msitu wa ukungu. Waliliita Ziwa Pepo. Fedha zilitoka kwa matajiri wa Marekani, mmojawapo akiwa George Eastman, mwenye kiwanda cha Kodak, na Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya New York yaliwapa heshima ya jina lake. Walijenga kijiji kizima: nyumba za kuezeka kwa nyasi, chumba cha giza cha kusafishia filamu, ghala, zizi, na bustani ya mboga ambayo Osa aliilima kwa furaha, kisha akapambana na tembo waliokuja usiku kuvuna viazi vyake vitamu. Mtu wa Kagera aliyezaliwa chini ya msonge asingeshangaa nyumba zile. Angeshangaa kwamba zilihitaji safari ya nusu ya dunia na fedha za kiwanda kizima.

Wanyama waliwapataje? Yuko mtu ambaye katika vitabu vyao huitwa Boculy. Ndivyo walivyoliandika jina lake, kwa masikio ya kigeni, na hata leo ni shida kulitamka. Mtu huyu alisoma nyayo za tembo kama karani asomavyo barua. Alijua kundi limepita lini, lina madume mangapi, na litakunywa maji wapi. Wao wenyewe walimsifu sana. Pasipo yeye, Martin angeizungusha kamera yake mbele ya miti. Lakini juu ya matangazo, katika milango ya majumba ya sinema, palikuwa na majina mawili tu.

Matunda ya miaka hiyo yalikuwa filamu iliyotolewa mwaka 1928 kwa jina ambalo halikuhitaji kufasiriwa kwa mtu wa huku: Simba. Ndani yake wamo watu wa Kenya waliokuwa wakiitwa wakati ule Walumbwa, yaani Wakipsigis, wakimwinda simba kwa mikuki. Filamu hii iliingia katika majumba makubwa na kuleta fedha nyingi. Mwaka huo huo wa 1928 Johnson na mkewe walivuka mpaka, wakaingia Tanganyika, wakakaa Serengeti pamoja na vijana watatu wa Skauti kutoka Marekani, wakipiga picha za simba mchana na usiku. Siku zile wawindaji wenye fedha walikuwa wakiwaua simba wa Serengeti kwa makundi, tena wakiwa ndani ya magari. Katika picha za Johnson simba wanaonekana wakiwa familia, wanacheza na watoto wao, wanalala. Kwa haki ya Mungu, hili lilikuwa jema. Serengeti ilikuja kutangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na hatusemi kwamba Osa ndiye aliyeifanya hivyo. Lakini macho ya walimwengu yalikwisha kuzoezwa.

Sasa, wakati Simba ikishangiliwa, sinema yenyewe ilikuwa inabadilika. Mwishoni mwa mwaka 1927 filamu yenye maneno na nyimbo ilikwisha kuonyeshwa New York, na katika muda wa miaka mitatu hivi picha za kimya zikafa. Zilipokufa, ziliwachukua waigizaji wengi. Yupo aliyekuwa na uso wa malaika na sauti ya mlango mkavu. Yupo aliyesema Kiingereza cha kigeni. Yupo ambaye hakujua kusema neno moja bila kuinua mikono yote miwili.

Afrika Mashariki ilimshuhudia mmoja wa walioathirika katika zama hizo. Mwaka 1929 kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ilileta kundi kubwa la watu Kenya, Uganda na nchi za jirani kutengeneza filamu ya Trader Horn. Mwigizaji wao wa kike alikuwa Edwina Booth, msichana wa Utah aliyekuwa ameonekana kidogo tu katika picha za kimya. Kazi ilianza kama filamu ya kimya, kisha ikageuzwa kuwa ya sauti wakiwa huku huku; ikabidi sehemu nyingine zimalizwe California, hata Mutia Omoolu, Mkenya aliyeigiza pamoja nao, akasafirishwa mpaka huko. Filamu ilitoka mwaka 1931 ikapata sifa nyingi. Lakini msichana yule alikuwa amerudi kwao na maradhi aliyoyapata kazini, akaishtaki kampuni, shauri likamalizwa nje ya mahakama, na baada ya picha chache jina lake likatoweka. Aliishi miaka mingi mbali na kamera, akafariki mwaka 1991.

Osa hakupotea. Alikuwa amezoea kusema na watu tangu enzi za treni na masanduku, na katika miaka ya picha za kimya wao wawili walikuwa wakizifuata filamu zao mijini na kuzieleza kwa midomo yao. Sauti ilipofika, haikumkuta bubu.

Basi mwaka 1929 walianza safari ya kwenda Kongo ya Wabelgiji wakiwa na mitambo ya kunasa sauti, mizigo mizito isiyopata kuonekana katika msitu ule, wakakaa katika msitu wa Ituri. Msomaji wa Bukoba akumbuke kwamba Ituri iko karibu naye kuliko Dar es Salaam. Humo walikusanya mamia ya Wambuti, wakapiga picha na kunasa sauti zao, ngoma zao na vicheko vyao. Filamu ilitolewa mwaka 1932 kwa jina la Congorilla, ikatangazwa kuwa ndiyo ya kwanza ya sauti iliyopigwa yote Afrika.

Hapa ndipo tunaposhindwa kumpigia Bibi Osa makofi. Sauti ni kitu kikubwa. Mtu aliyekuwa kivuli kinachotembea, sasa angeweza kusema yeye ni nani, anaishije, anamcha nani, anawalea watoto wake kwa desturi gani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa msitu wa Afrika kupewa mdomo mbele ya dunia. Na mdomo huo ukafanyiwa nini? Mmoja wao akapewa sigara kubwa avute mpaka azidiwe, ili watu wacheke. Ikapigwa santuri ya jazi, na Osa akawachezesha, akiruka katikati yao kwa bashasha yake yote, ili watu wacheke. Na juu ya vicheko vile ikasikika sauti ya Martin akieleza, akitania, akiwafanya watu wazima kuwa watoto. Wambuti walisema mengi katika filamu ile, lakini aliyeeleweka alikuwa yeye peke yake.

Hatudai kwamba walikuwa watu wabaya. Walikuwa wachangamfu, na wengi waliofanya kazi nao waliwapenda. Lakini kipo kichekesho ambacho anayechekwa hushiriki, na kipo ambacho hushirikishwa bila kujua, na tofauti hiyo mwenye kamera huijua daima. Tukiilinganisha Ituri na ule usiku wa Malekula, tunaona kwamba kamera ilikwenda mbele miaka kumi na heshima ikarudi nyuma. Malekula walionyeshwa picha yao wenyewe bila sauti, nao wakatokwa na sauti. Ituri walichukuliwa sauti yao, ikapelekwa New York.

Kongo walichukua na vitu vingine. Katika milima ya mashariki walikamata masokwe wawili wachanga, ambao mwaka 1931 waliishia katika bustani ya wanyama ya San Diego, California, kwa majina ya Mbongo na Ngagi. Jina la pili majirani zetu wa Rwanda watalitambua mara moja, maana ndilo wanalomwita sokwe mkubwa mpaka leo. Wanyama hao waliishi huko zaidi ya miaka kumi, wakafa wakiwa mashuhuri.

Safari yao iliyofuata ilikuwa ya angani. Mume na mke walijifunza kurusha ndege huko huko Chanute, wakanunua mbili za aina ya Sikorsky ziwezazo kutua nchi kavu na majini. Moja waliipaka milia ya pundamilia, wakaiita Safina ya Osa. Ya pili wakaipaka madoa ya twiga. Mwaka 1933 na 1934 walizirusha kutoka Cape Town mpaka Kenya, wakapita juu ya Mlima Kenya, wakatua katika Ziwa Rudolf, ambalo sasa ni Turkana. Wazee wa visiwani kwetu hawakuwa wageni kabisa wa mambo hayo, kwa kuwa tangu mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilikuwa imekwisha kuanzisha safari ya London hadi Mwanza. Ila ndege yenye milia ya pundamilia haikuwa ya kubeba barua wala abiria. Ilikuwa ni vazi la mwigizaji. Filamu ya safari hiyo, Baboona, ilitoka mwaka 1935.

Kisha wakarudi tena Borneo, na walipomaliza kazi ya huko wakaanza, kama ilivyokuwa desturi yao, kuzunguka mijini wakieleza filamu yao mpya. Tarehe 12 Januari, 1937, ndege ya abiria waliyopanda ilianguka milimani karibu na Los Angeles. Martin alifariki siku ya pili yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Osa alivunjika, akalazwa. Hawakujaliwa kupata watoto, na kwa miaka ishirini na sita walikuwa hawajatengana ila kwa siku za kuhesabika.

Wengi walidhani mchezo umekwisha, kwa maana katika macho ya watu Martin ndiye aliyekuwa bwana wa kazi na Osa pambo lake. Yeye akaagiza kiti cha magurudumu, akasukumwa jukwaani, akaimaliza ile ziara ya maelezo kama ilivyopangwa. Jambo hilo tunalitaja bila kuongeza neno.

Mwaka huo huo, miguu ikiwa haijapona sawasawa, alirudi Afrika Mashariki kama mshauri wa kampuni ya Twentieth Century-Fox iliyokuwa ikitengeneza filamu ya Stanley na Livingstone. Aliwaongoza wapiga picha katika Kenya, Tanganyika na Uganda, wakapiga picha za misafara, wapagazi na mbuga. Filamu ilionyeshwa mwaka 1939. Spencer Tracy, aliyeigiza Stanley, hakukanyaga huku. Watu wa kwetu walitembea katika jua lao wenyewe, naye akakutana na Livingstone wake California. Kwa hiyo Ujiji ya 1871, tukio linalofundishwa katika kila darasa la historia la nchi hii, dunia iliiona kwa miguu ya wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa.

Yaliyobaki si marefu. Mwaka 1940 kilitoka kitabu cha maisha yake, I Married Adventure, kilichonunuliwa kuliko vitabu vyote vya namna hiyo katika Marekani mwaka ule, na filamu yenye jina hilo hilo, ambamo aliigiza tena sehemu yake ya siku zote, akiwa mjane wa miaka arobaini na sita. Aliolewa na meneja wake, na mwaka 1949 wakaachana. Televisheni ilipofika, zile picha za zamani zikatolewa sandukuni, zikaonyeshwa mwaka 1952 katika mfululizo wa vipindi juu ya wanyama, miongoni mwa vya kwanza vya namna yake. Simba waliopigwa picha wakiwa bubu wakapata maisha ya tatu. Tarehe 7 Januari, 1953, Osa Johnson alifariki New York kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka hamsini na minane. Alizikwa Chanute.

Twarudi kwa wenye maofisi, maana tuliahidi. Wageni wenye kamera hawakwisha na Johnson. Wanashuka Kilimanjaro, wanashuka Mwanza, wanapita hapa Bukoba wakienda visiwani kupiga picha za wavuvi wa dagaa usiku, taa zikimeta juu ya maji. Na ni haki, kwa kuwa ni mandhari nzuri. Tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na marekebisho yake ya mwaka 2019 yalimtaka mtengenezaji wa kigeni aache nchini picha zote alizozipiga pamoja na nakala ya filamu iliyokamilika. Yalipigiwa kelele na wengine waliosema yatawafukuza wageni. Sisi tunauliza swali dogo zaidi kuliko hilo: nakala ikiisha kuachwa, inakaa wapi? Ikikaa kabatini Dar es Salaam, mvuvi wa Goziba ataiona lini? Gari la sinema lilifika vijijini enzi za injini na kitambaa, wakati njia zilikuwa matope. Leo kinachohitajika ni mtambo unaoingia katika mkoba, na afisa utamaduni mmoja mwenye nauli ya boti.

Na zile za kale pia zipo. Osa alipofariki, mama yake mzazi, Bibi Belle Leighty, alikuwa hai bado pale Chanute. Bibi kizee huyo alikuwa ameyahifadhi masanduku, barua, vinyago, ngoma na picha zilizoletwa nyumbani na mwanawe na mkwewe kwa miaka mingi, na mwaka 1961 vitu hivyo vikafunguliwa jumba la makumbusho katika mji ule wa reli. Lipo hata sasa. Mtoto wa shule wa Kansas huenda huko siku za mapumziko, akasimama mbele ya picha ya mtu wa Marsabit, wa Serengeti au wa Ituri, mtu ambaye wajukuu zake wako hai, akamtazama muda wote apendao.